Mpo wangapi? Peke yangu kutoka Mwanza hadi ukame wa Turkana

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

SAA sita na nusu mchana, kando ya barabara inayotoka Lodwar kwenda Kalokol, kaskazini magharibi mwa Kenya, chupa yangu ilikuwa imebaki na maji ya kujaza kikombe kimoja cha kahawa.

Nilikuwa nimejibanza chini ya mgunga mdogo ambao kivuli chake kilikuwa na matundu kama chekeche. Mbele yangu yalisimama mawe ya Namoratunga, nguzo nyeusi zilizosimikwa hapo na watu walioishi maelfu ya miaka iliyopita. Upepo ulivuma, lakini ulikuwa upepo wa mdomo wa tanuri.

Kijana wa bodaboda aliyenishusha saa nne asubuhi alisema angerudi baada ya saa moja. Hakurudi. Simu haikushika mtandao. Jasho lililokuwa likinichuruzika asubuhi sikuliona tena. Mikononi ilibaki chumvi nyeupe, na kichwa kilinigonga kama kinu cha jirani.

Mara mbili niliinuka nikitaka kutembea kuelekea Kalokol. Mara mbili misuli ya miguu ilikaza nikaketi tena. Wakati huohuo, bila mimi kujua, kuna mtu alikuwa ameshaanza kuuliza niliko.

Swali la mhariri

Kazi niliyopewa ilikuwa na swali moja: je, Mtanzania wa kawaida, asiye na gari lake wala kampuni ya utalii nyuma yake, anaweza kusafiri peke yake katika nchi ya ugenini yenye joto kali na ukame, akarudi salama? Na kama mtu huyo ni mwanamke?

Nilichagua Turkana kwa sababu ya samaki. Sangara anayeshushwa kila alfajiri pale mwalo wa Kirumba si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa kwa mkono wa binadamu kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Jiji letu limejengwa kwa samaki ambaye baadhi ya mababu zake waliogelea katikati ya nchi kame, nasi hatujui huko kukoje.

Wapo watakaosema Turkana si jangwa kamili, kwamba jangwa lenyewe ni Chalbi, ng'ambo ya pili ya ziwa. Kipimo kinachotumiwa sana cha jangwa ni mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Lodwar hupata kama milimita 200. Mwanza hupata takriban 1,000. Mchana wa Lodwar hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na usiku haurudishi ubaridi kama tulivyozoea sisi wa ziwani.

Buzuruga

Stendi ya Buzuruga, alfajiri. Konda aliyekuwa akiandika majina aliniuliza bila kuinua kichwa, "Mpo wangapi, dada?" Nikamwambia nipo peke yangu. Akaniangalia, akaangalia begi, akaandika.

Swali hilo lilinifuata njia nzima. Sirari, mpakani, liliulizwa na mwanamke mwenye duka la kubadilishia fedha. Kisumu likageuka "Mko wangapi?" kwa lafudhi ya huko. Kitale aliniuliza muuza tiketi, na nilipomjibu alimwita mwenzake aje aone.

Nyumbani lilikuwa limeshaulizwa kwa ukali zaidi. Mama yangu mzazi, mkazi wa Igoma, alisema mtu haendi jangwani kama anayekwenda gulioni. Alinikumbusha kwamba hata kwenda Ukerewe kwa meli watu huagana. Sikumbishia. Ana haki ya kuogopa, na hofu yake haikuwa ya kubuni.

> Lodwar hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka. Mwanza hupata takriban 1,000.

Kuna waliosema kinyume. Pale Makoroboi, mfanyabiashara wa vitenge aliyekwenda Kampala peke yake kwa miaka mingi alinicheka kwa upole. Kwa maoni yake, mwanamke anayesafiri na mwenzake huibiwa zaidi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwingine ndiye anayelinda mzigo. Yeye ana desturi moja tu: kila mji anaoshuka ana mtu wa kumpigia, hata kama ni mama wa chai. Nilidhani ni maelezo ya kupita nikayaandika pembeni mwa daftari. Nilipaswa kuyaandika katikati.

Karatasi si tatizo kubwa. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia Kenya bila viza, akiwa na pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, na ni busara kubeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kutoka Mwanza hadi Kalokol ni kama kilomita 1,000. Nililala Kisumu, nikalala Kitale, nikashuka na barabara inayopita Kapenguria hadi njia ya mlimani ya Marich, mahali ambapo ubaridi unakuacha ghafla kana kwamba mtu amefungua mlango wa jikoni.

Hofu yenye jina

Baada ya Marich ni Kainuk, na hapo abiria walipunguza mazungumzo. Kwa miaka mingi magari ya kipande hiki yalisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wenye bunduki na mapigano ya mifugo kati ya jamii jirani. Februari 2023 serikali ya Kenya ilipeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa kaskazini, Turkana na Pokot Magharibi zikiwamo, na ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku.

Kwa hiyo anayesema usiende peke yako hazungumzi kwa woga mtupu. Lakini nilichojifunza kwenye kiti cha tatu nyuma ya dereva ni kwamba kwenye hatari ya namna hiyo mwenzako hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kusafiri mchana, kuuliza habari za njia asubuhi ileile, na kukubali kupoteza siku moja dereva akisema leo hatuendi. Mimi nilipoteza moja Kitale. Nilinung'unika siku nzima, na sasa najua sikuwa na haki ya kunung'unika.

Abiria mmoja, mzee aliyekuwa akirudi Lodwar, aliniuliza Kenya nimeionaje. Nikashangaa, maana tulikuwa bado ndani ya Kenya. Watu wa kaskazini huzungumza hivyo: Kenya ni huko chini walikoachana nako. Wakoloni waliutumia umbali huo kama ukuta wa gereza. Jomo Kenyatta na wenzake, baada ya kesi ya Kapenguria, walifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa kizuizini Lodwar.

"Peke yake" ya zamani

Hapa Mwanza tunaishi na jina la msafiri anayesimuliwa kana kwamba alifika peke yake. John Hanning Speke alimwacha Richard Burton akiugua Kazeh, Tabora ya leo, Julai 1858, na Agosti 3 akasimama juu ya kilima akaliangalia ziwa. Ghuba iliyo jirani na jiji bado inaitwa kwa jina lake.

"Peke yake" hapo maana yake ni bila Mzungu mwenzake. Alikuwa na wapagazi, askari Wabaluchi, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India. Speke alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akazungumza na dunia nzima iliyobaki. Ni Bombay huyohuyo aliyekwenda na Henry Morton Stanley hadi Ujiji mwaka 1871, kisha akavuka bara zima hadi Atlantiki pamoja na Verney Lovett Cameron kati ya 1873 na 1875.

Turkana nako ni hivyohivyo. Vitabu husema ziwa lile lilifikiwa Machi 1888 na Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, wakaliita Rudolf, jina lililobaki hadi 1975. Msafara wao ulianzia Pangani, mkoani Tanga, ukiwa na wapagazi mamia, na pamoja nao alikuwapo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani aliyejua njia za bara. Walipolifikia ziwa baada ya siku za kiu, watu waliyakimbilia maji, wakayakuta ya magadi.

Nilipokuwa chini ya mgunga ule niliwafikiria wapagazi wale kuliko Teleki. Majina yao mengi hatunayo. Walikuwa watu wa mwambao uliojaa minazi na mvua, wamebeba mizigo ya mwingine katika nchi hii. Ningependa watoto wa Pangani walijue walau jina la Kimemeta kama wanavyolijua la Stanley.

Joto linavyokula mtu

Kosa langu lilianza chumbani. Nilikuwa na chupa mbili za lita moja na nusu. Nikaacha moja kitandani ili begi liwe jepesi, kwa sababu nilikuwa naenda kwa saa moja tu.

Sisi wa Mwanza tunajua joto la unyevu. Jasho likitutoka tunaliona, shati linalowa, tunatafuta maji. Joto kavu ni jingine. Jasho linakauka kabla hujalihisi, kwa hiyo unadhani hupotezi kitu. Mtu anayefanya kazi juani anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa moja, wakati mwingine zaidi, na kiu huja kwa kuchelewa. Mwili wa mgeni huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Mimi nilikuwa na siku mbili.

Kwanza huja kukaza kwa misuli, kichwa kuuma na kichefuchefu. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto, na huua. Mtu wa namna hiyo huwekwa kivulini, humwagiwa maji, hupepewa, na hupelekwa hospitali bila kungoja. Mimi sikufika huko. Lakini ile hamu ya kuinuka nitembee, iliyonijia kwa uhakika kabisa kana kwamba ni wazo la busara, bado inanitisha ninapoikumbuka.

Wenyeji husimulia kwamba nguzo zile zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Jina lenyewe, Namoratunga, hufasiriwa kuwa watu wa mawe. Mtoto wa jiji la miamba anaizoea habari ya mawe yenye watu ndani yake. Nilicheka nilipoisoma nyumbani. Pale chini ya mti niliacha kucheka.

> Kiu huja kwa kuchelewa. Mwili wa mgeni huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea.

Daftari la mstari mwekundu

Mama mwenye gesti niliyolala Kalokol ana daftari la shule la kurasa 96. Nilipofika jioni iliyotangulia hakuniuliza tupo wangapi. Aliuliza jina langu, namba ya mtu wa nyumbani, kesho nakwenda wapi na narudi saa ngapi. Akaandika kwa kalamu ya bluu. Mgeni akirudi, mstari wake hufutwa kwa kalamu nyekundu.

Asubuhi ile aliandika: mawe, saa tano na nusu. Ilipofika saa sita, mstari wangu ulikuwa bado wa bluu. Akampigia kijana wa bodaboda, hakupatikana. Alikuwa njiani akisukuma pikipiki iliyotobolewa tairi na mwiba, naye simu yake haina mtandao. Hakunitelekeza. Yule mama hakusubiri kujua hilo. Alimtuma mtoto wa dada yake na pikipiki nyingine, dumu la lita tano na kanga.

Saa saba kasoro niliusikia mlio. Kijana hakunipa maji ninywe kwa pupa kama nilivyotaka. Aliilowesha kanga akanifunika kichwa na shingo, akamwaga maji mikononi mwangu, kisha akaniruhusu kunywa kidogokidogo. Alikuwa hajafika miaka 20, na alijua kazi ile kama mtoto wa Igombe anavyojua kupiga kasia.

Gesti nilikunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Yule mama alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Wewe Mtanzania, chupa ingine umeiacha kwa kitanda ya nini?"

"Nisamehe, mama."

"Si mimi wa kukusamehe. Kunywa."

Baadaye, jua lilipopungua, alinieleza neno la Kiturkana, emoit. Ni mtu wa nje, asiye wetu, na neno hilohilo humtaja adui. Nilimuuliza mgeni hutokaje kwenye neno hilo. Akasema hutoka siku mwenyeji anaposema huyu ni wangu. Jioni ile alinipeleka dukani, kwa fundi wa viatu na kwa wazee waliokaa juu ya vigoda vyao vidogo vya kubebea mkononi, akinitaja kwa kila mmoja. Kesho yake nilitembea Kalokol nzima na hakuna aliyeniuliza lolote zaidi ya kama nimebeba maji.

Kiongozi awe lazima?

Vijana wa Kalokol wanaotembeza wageni wana msimamo: kila mgeni alazimishwe kuwa na kiongozi. Hoja yao ni ya uhai na ya tumbo. Mgeni akipotea, wao ndio hutoka kumtafuta, bila posho. Na miaka ya karibuni imekuwa migumu. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, na fedha ya mgeni mmoja ni unga wa wiki.

Wasafiri wa Kiafrika wenye mifuko kama yangu hulalamika kwamba bei hupangwa kwa kumtazama Mzungu, na sharti la lazima litawafungia nje ya ukanda wao wenyewe. Nimewasikia wote. Naegemea upande wa vijana kwa jambo moja: nje ya mji, mchana, mgeni asiende bila mwenyeji. Mjini na barabarani aachwe huru. Na usafiri ulipwe nusu ya kwenda, nusu ya kurudi, ili safari ya kurudi nayo iwe na mtu wa kuidai. Bei iandikwe ukutani, ya Mwafrika Mashariki na ya mgeni wa mbali, kama zinavyofanya hifadhi zetu.

Siku ya mwisho nilikwenda ziwani na kijana yuleyule wa dumu. Ziwa Turkana linatajwa kuwa ziwa kubwa kuliko yote duniani la kudumu lililo jangwani. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, hayana pa kutokea, na yamebeba magadi na floridi. Rangi yake ni ya kijani, na ukingoni imesimama mikoche, ndugu ya ile iliyowapa jina watu wa Mikocheni, Dar es Salaam. Wanawake walikuwa wakigeuza samaki waliotandazwa juani. Harufu ilinirudisha Kirumba, kwenye kayabo zinazofungwa kupelekwa Kongo.

Nao humvua sangara. Mvuvi mmoja aliniuliza kwetu amekuaje. Nikamwambia amekuwa mkubwa sana, amejenga viwanda, na amewala wengi wa wadogo wa ziwa letu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za ndugu aliyehamia mjini.

Mstari wa bluu

Niliporudi sikusubiri kuulizwa. Lodwar niliacha namba kwa mama wa chai. Kitale nilimpigia muuza tiketi yule aliyemwita mwenzake. Sirari nilimtumia ujumbe mama yangu kabla ya kuvuka na baada ya kuvuka.

Basi liliingia Buzuruga saa tatu usiku, mvua ikinyesha, maji yakiteremka kati ya miamba na kupotea mtaroni. Kabla ya kushusha begi nilimwandikia mwenye gesti kwamba nimefika Mwanza, kwetu. Alijibu kabla sijapata bodaboda. Alisema kalamu nyekundu ilikuwa imeisha wino tangu juzi, kwa hiyo mstari wangu ulikuwa bado wazi. Amemtuma mtoto dukani akanunue nyingine.